Milo minane ya Desemba: kula Krismasi kwa raha na bado suruali ifunge Januari

Kuanzia tarehe 20 Desemba hivi, harufu ya mtaa wetu hapa Umoja, Nairobi, hubadilika. Ngazi za ploti zinanuka vitunguu vya pilau, na jirani wa juu anasukuma chapati usiku wa manane kwa sababu alfajiri anapanda gari la kwenda ushago, kijijini kwao. Wewe umelala chini yake unasikia ule mti ukigonga meza: tu, tu, tu.

Mimi ni mtu wa chapati. Siku hizi nalisema bila aibu, lakini zamani nilikuwa nakula tatu mbele ya watu, ya nne jikoni nikiwa nimesimama, kisha Januari naapa mbele ya mzani kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Mwaka mmoja nikakaa chini na kalenda, nikafanya hesabu ndogo. Desemba ina siku 31. Ukila mara tatu kwa siku, hiyo ni milo 93. Nikahesabu ile iliyokuwa sherehe kweli, yaani wageni, meza, na chakula ambacho sikipati Machi. Nikapata 8. Milo mingine 85 ilikuwa ya siku za kawaida kabisa, ila niliila kama sherehe kwa sababu “ni Desemba, bwana.”

Mwongozo huu wote umesimama juu ya hesabu hiyo. Ile minane kula kwa moyo wote. Ulinzi uweke kwenye ile 85.

Neno moja kabla hatujaanza: kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, kama una presha inayotibiwa, kama una mimba, au kama umewahi kusumbuliwa na kujinyima chakula au kula na kujitapisha, ongea na daktari au mtaalamu wa lishe kwanza. Kujipima mara kwa mara, kwa mfano, humsaidia mmoja na kumuumiza mwingine.

Hatua ya 1: Chora duara kwenye kalenda

Chukua kalenda ya ukutani, ile uliyopewa dukani au kanisani, na kalamu nyekundu, uzungushie siku za sherehe ya kweli. Zangu za mwaka ule zilikuwa hizi: Jamhuri tarehe 12, tulipochoma nyama kwa kaka yangu, chakula cha kufunga mwaka kazini, siku ya chama kugawana akiba, ambapo kina mama hupika kana kwamba wanashindana, ruracio (sherehe ya mahari) ya binamu, usiku wa tarehe 24, Krismasi yenyewe, tarehe 26 kwa wakwe, na mkesha wa tarehe 31. Tarehe 1 Januari niliihesabu kwenye mwaka mpya. Hiyo ni hila, nakubali.

Kuwa mkweli unapochora. Keki ya mtoto wa jirani siyo duara. Mandazi ya saa nne ofisini siyo duara, hata kama mhasibu ameyaleta akiwa amevaa kofia ya Krismasi. Ukifika duara la kumi na tano, hizo si sikukuu tena, ni msimu, na msimu mzima ndio unaonenepesha. Wenye mialiko mingi ya harusi wachague miwili kwa wiki, na kwingine waende kama watu wanaopitia tu kusalimia.

Hatua ya 2: Jipime sasa, kabla chapati hazijaanza

Tunadhani Krismasi hutuongezea kilo nne au tano. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuata watu wazima 195 nchini Marekani kabla, wakati na baada ya sikukuu. Kwa wastani waliongeza gramu 370 kipindi cha sikukuu, hata nusu kilo haikufika. Ubaya ni kwamba uzito huo haukutoka. Miezi ya baadaye ilipofika ulikuwa bado pale pale. Rudia hivyo miaka kumi na umebeba karibu kilo 4 ambazo hukumwona aliyekutwika.

Utafiti mwingine, wa Uingereza, ulitoka katika jarida la BMJ mwaka 2018. Watu 272 wa Birmingham waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliombwa kujipima angalau mara mbili kwa wiki, likapewa vidokezo vya kawaida vya ulaji na maelezo ya mazoezi kiasi gani yanahitajika kuchoma kila kitamu. Jingine liliachwa na karatasi ya ushauri wa jumla. Lililoachwa liliongeza gramu 370, lililojipima lilipungua gramu 130. Si muujiza, lakini ni kazi ndogo mno kwa matokeo hayo.

Kwa hiyo jipime Jumatatu na Ijumaa, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai. Andika namba kwenye simu, usiibishie. Ukikosa mzani, tumia utepe wa fundi cherehani. Uzungushe kiunoni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi taratibu, soma. Shirika la Afya Duniani husema hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kikipita sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Halafu usiogope namba ya tarehe 27. Wali, chapati na soda huacha akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Chumvi ya pilau nayo inashika maji yake. Mzani unaweza kuruka kilo 2 kwa siku mbili, na karibu yote ni maji yatakayotoka ndani ya wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ili kuongeza kilo 2 za mafuta kwa siku mbili ungelazimika kula zaidi ya chapati 30 kubwa juu ya chakula chako cha kawaida. Namjua mjomba mmoja anayeweza kujaribu, lakini sidhani kama atafika.

Hatua ya 3: Tenga unachokipenda na kilichopo tu

Kaa uandike vitu vitano vya Krismasi ambavyo ukivikosa utahisi umeibiwa. Orodha yangu: chapati, pilau ya mama mkwe, mbuzi choma, mukimo (viazi vya kuponda na mahindi) yenye majani ya malenge, na keki ya matunda ya shangazi, ile nzito. Vitu hivyo havijadiliwi.

Vilivyobaki ni vilivyopo tu: kripsi za kwenye matatu, biskuti za bati, soseji za baridi, njugu za kuchovyachovya kila ukipita mezani. Mwaka fulani nilimaliza nusu bati la biskuti nikisubiri gari lijaze abiria, na nilipofika nyumbani nikala chapati moja tu kwa sababu “nimeshakula sana.” Nilijinyima nilichokitamani kwa ajili ya nisichokitaka. Hasira ya siku hiyo ninayo hadi leo.

Hatua ya 4: Jikoni, mahali ambapo vita hushindwa kimyakimya

Kama wewe ndiye mpishi, una nguvu kuliko mzani wowote. Tuanze na chapati, maana hapo ndipo pesa na mafuta huzama.

Pakiti ya unga wa ngano ya kilo 2 ina takriban kalori 7,000. Nusu lita ya mafuta ya kupikia ina kama 4,100. Zamani kwenye pakiti moja nilikuwa natoa chapati 24, na hiyo nusu lita inaisha yote: mengine ndani ya unga, mengine kwenye mikunjo, mengine kwenye kikaango. Jumla 11,100, gawa kwa 24, kila chapati ina kalori 460 hivi kabla hujaweka hata kijiko cha mchuzi. Siku hizi natumia robo lita na nakata madonge 30. Jumla 9,050, kila chapati takriban 300. Watoto hawajawahi kuuliza kitu. Mume wangu aliuliza mara moja kwa nini zimekuwa ndogo, nikamwambia kilo ni ile ile ila hesabu imeongezeka, akaridhika.

Usijaribu kuondoa mafuta yote. Chapati isiyo na mikunjo ni mkate uliokosa bahati. Siri ya ulaini iko kwenye maji na subira zaidi ya mafuta. Kanda kwa maji ya vuguvugu, kanda hasa, dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka unga uache kushika mkono. Funika upumzike nusu saa. Ukisukuma duara la kwanza, paka mafuta kwa brashi badala ya kumimina, kata, kunja, acha madonge yapumzike tena. Kwenye kikaango ianze kavu pande zote mbili hadi ishike madoa, ndipo upake nusu kijiko cha chai cha mafuta kila upande. Zikitoka zipange kwenye hotipoti iliyotandikwa kitambaa safi, mvuke wake wenyewe utazilainisha. Ukipenda, chemsha malenge, yaponde na ukandie unga huo: zinatoka za manjano, laini hadi kesho yake, na unga unaotumika ni mchache. Zile za unga usiokobolewa ni nzuri kwa sababu zinashibisha upesi, lakini mtu asikudanganye kwamba hazina kalori.

Pilau nayo ina kosa moja kubwa, kuogelesha vitunguu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori 120, na nimeona watu wakimimina kwa kikombe. Kwa kilo moja ya mchele vijiko vinne vinatosha. Vitunguu vikianza kushika sufuria, nyunyizia maji kidogo, koroga, acha yakauke, rudia. Vitafikia ule weusi mnaoutaka bila kuongeza mafuta. Nyama ichemshe kwanza, na kama una friji, supu yake ilaze usiku: mafuta yataganda juu uyatoe kwa kijiko. Supu iliyobaki ndiyo unayopikia mchele. Bizari, mdalasini, iliki na karafuu weka unavyotaka, hazikugharimu kiuno.

Mukimo haina ubaya hadi mtu aamue kuikaangia. Kuku wa kienyeji akichemshwa na kurostiwa kwa nyanya anatosha kabisa. Sambusa na bajia zipike kwa idadi, siyo kwa mlima.

Kuhusu nyama choma, nasimama upande wake. Ikiwa kwenye makaa mafuta yanadondoka, na mbuzi si mnyama wa mafuta mengi. Kilo unayopimiwa kwenye masoko ya Nairobi kama Kenyatta Market, Burma au Kariokor ni ya nyama mbichi na mifupa yake. Ikishachomwa, watu watatu wakigawana hakuna aliyekula kupita kiasi. Hatari iko kwenye ile saa moja ya kusubiri. Mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) inapita, chips zinaagizwa “za watoto”, bia ya pili inafunguliwa. Ukifika tu, agiza supu ya mifupa na kachumbari kabla ya kitu kingine. Nyama ikija mtakuta mmetulia.

Hatua ya 5: Asubuhi ya sherehe, usifunge

Kuna watu hawali tangu usiku wa tarehe 24 ili “kuacha nafasi.” Saa nane mchana wanafika mezani wakitetemeka, na mtu mwenye njaa ya namna hiyo hachagui. Anakula haraka, anakula cha karibu, na tumbo likija kutoa taarifa kwamba limeshiba, sahani ya pili imeisha. Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa, kufunga hivyo ni hatari kabisa, sukari inaweza kushuka akaanguka.

Kunywa chai yako na mayai mawili, au uji na ndizi, au maharagwe ya jana na kipande cha nduma. Chakula chenye protini na nyuzinyuzi kitakushika hadi mchana. Maji pia, kwa sababu safari za Desemba watu hawanywi maji wakiogopa foleni ya choo.

Hatua ya 6: Sahani

Tembea mezani mara moja mikono mitupu. Angalia kuna nini kabla hujashika sahani, maana ukianza kupakua kutoka mwanzo wa meza, wali utachukua nafasi yote na ukifika kwenye keki utakuwa unajenga ghorofa.

Kisha anza na kachumbari, kabeji, managu (mnavu) au sukuma, nusu ya sahani. Robo iwe nyama. Robo ya mwisho ni ya wanga, na hapo ndipo uchague: kama leo ni chapati, basi ni chapati, pilau na mukimo onja kijiko kimoja kimoja. Wengi wetu huweka vyote vinne, chapati, wali, mukimo na viazi, kisha tunalaumu keki.

Kaa chini kula. Ongea. Ukimaliza sahani ya kwanza, subiri kama dakika ishirini kabla ya kuinuka tena, ndio muda ambao tumbo na kichwa huchukua kuelewana. Ukiona bado una hamu, rudi, na urudi bila kuomba msamaha. Ni moja ya ile minane.

Hatua ya 7: Chai, soda na bia

Hapa ndipo watu wengi hupotea bila kujua, hasa tukifika ushago. Desemba ni ya kutembeleana. Nyumba tano kwa siku, kila nyumba kikombe cha chai ya maziwa, kila kikombe vijiko viwili vya sukari. Kijiko cha chai kina gramu 4 hivi, kwa hiyo ni gramu 40 kabla hujala chochote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Na hakuna nyumba inayoleta chai peke yake. Kuna mkate uliopakwa siagi, kuna mandazi.

Utasema utaomba isiyo na sukari. Jaribu! Chai ya ushago imepikwa na sukari ndani ya sufuria na sasa imo kwenye chupa. Omba nusu kikombe, ukipokee kwa mikono miwili, ukinywe polepole. Nusu kikombe mara tano si sawa na vikombe vitano, na hakuna aliyekosewa heshima. Mandazi kula kwenye nyumba moja, ile yenye mandazi mazuri. Unaijua.

Soda ya kola ya chupa ya glasi, mililita 300, ina takriban gramu 32 za sukari, yaani vijiko nane. Madiaba ya lita 2 ina zaidi ya gramu 200. Kama soda ya baridi ni sehemu ya Krismasi yako, kunywa ile chupa ya glasi mchana wa tarehe 25 na uifurahie, lakini madiaba isiwe inakaa katikati ya meza kama jagi la maji kuanzia tarehe 20 hadi shule zifunguliwe. Juisi ya pakiti si malaika pia.

Bia ya nusu lita ni karibu kalori 200. Pombe yenyewe ina kalori 7 kwa gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9. Lakini tatizo kubwa la bia si kalori zake, ni kwamba ya tatu ndiyo huagiza chakula.

Hatua ya 8: Shangazi

Ukifika ushago kutoka Nairobi una hatia mbili tayari, ama umekonda kwa sababu huli, au umenona kwa sababu una pesa. “Umenona!” kutoka kwa shosho, yaani bibi, ni baraka. Jibu ni “Ni Mungu, shosho,” na mambo yaishe. Usianze kumweleza mzani.

Shangazi ndiye kazi. Atasimama juu yako na mwiko.

“Mbona hivyo ni vya mtoto? Ama chakula chetu siku hizi hakikufai?”

“Shangazi, hiki chakula nimekililia tangu nikiwa Thika. Niwekee kidogo nianze, nitarudi mwenyewe.”

Na urudi kweli, hata kama ni kwa kijiko kimoja. Nimeliangalia jambo hili miaka mingi: kupakua mara mbili kidogo kidogo humpa mpishi heshima zaidi kuliko mlima mmoja uliobaki nusu kwenye sahani. Anachotaka ni kuona unarudi, hapimi gramu. Ukishindwa kabisa, sema “Nifungie ya safari.” Hapo umemsifu na umejiokoa kwa pamoja, ingawa sasa una mzigo wa kushughulikia, na hiyo ni hatua inayofuata.

Usidanganye kwamba daktari amekukataza. Utaombewa kwa sauti mbele ya ukoo mzima.

Hatua ya 9: Viporo

Kama ningeruhusiwa kukupa hatua moja tu, ingekuwa hii. Kati ya tarehe 27 na 30 hakuna sherehe, hakuna wageni, kuna sufuria. Unafungua friji saa tano usiku, unakunja chapati baridi, unachovya mchuzi, unafunga. Milo hiyo haikupi hata kumbukumbu, na kwangu ndiyo iliyokuwa inaongeza kilo.

Kwanza, pika kwa idadi ya watu wala si kwa hofu ya aibu. Pili, kabla wageni hawajaondoka, gawa: fungia kila mtu, pelekea askari wa geti sahani yake, pelekea jirani ambaye hakusafiri. Tatu, kilichobaki kigandishe usiku huo huo. Chapati hugandishwa vizuri, mbili mbili kwenye mfuko, na karatasi katikati zisishikane. Kuzipasha ni kikaango kikavu dakika chache. Keki ya matunda kata vipande uvigandishe hivyo hivyo, ukitaka kimoja utalazimika kusubiri kiyeyuke, na nusu ya hamu huisha hapo.

Wali na pilau vina sheria yao. Usiviache mezani hadi usiku. Vipoze, viingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na ukivipasha vitoe mvuke hadi katikati. Kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao huvumilia kupikwa, na zikipata joto la jikoni huzaa sumu isiyoondoka kwa kupasha. Stima zikipotea usiku kucha na friji ikapata joto, mwaga. Najua inauma.

Hatua ya 10: Tembea, lakini usilipe deni

Mtu wa kilo 70 akitembea haraka saa nzima huchoma kalori 300 hivi, chapati moja ya madonge yangu mapya. Kwa hiyo ukigeuza matembezi kuwa faini ya chakula utachoka kabla ya Mwaka Mpya. Tembea kwa sababu nyingine. Dakika kumi na tano baada ya kula husaidia misuli kuchukua sukari kutoka kwenye damu, tumbo linatulia, na unakuwa mbali na meza.

Ushago mazoezi yapo bila kuyaita hivyo. Sindikiza kila mgeni hadi steji. Nenda mtoni na watoto. Waliobaki Nairobi wana mji mtupu usio na foleni, zawadi ambayo hatuipati mwezi mwingine: msitu wa Karura kutokea geti la Limuru Road au la Kiambu Road, ama bustani ya miti ya Arboretum karibu na Ikulu kwa wasiotaka kwenda mbali. Asubuhi ya tarehe 26 Karura ina ndege wengi kuliko watu.

Hatua ya 11: Januari

Ukivuka mpaka, mlo unaofuata uwe wa kawaida tu. Usifunge siku tatu, usinywe ndimu na maji moto kama adhabu. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kila kona mjini wakati huu, soma pakiti: nyingi zina senna, mmea wa kuendesha tumbo. Utapoteza maji na chumvi za mwili, mzani utashuka, utafurahi, ukinywa maji namba itarudi. Mafuta hayajaguswa.

Njaanuari itakusaidia yenyewe: githeri, sukuma, ndengu, kutembea kwenda steji ya mbali kuokoa shilingi hamsini. Jipime karibu tarehe 10, maji ya sikukuu yakiwa yameshatoka, ulinganishe na namba ya mwanzo wa Desemba. Kama umeongeza nusu kilo, punguza kalori 300 kwa siku, ambazo ni ile chapati ndogo moja, au soda moja ya nusu lita na kijiko cha mafuta jikoni, na wiki mbili hivi zinaweza kuiondoa. Mwili si kikokotoo, huenda zikawa tatu.

Kwenye friza bado nina chapati mbili za Krismasi. Jumamosi, na ndengu.